Taarifa ya Uongo kwa Mtumishi wa Umma

Kosa la kumdanganya mpelelezi wa shirikisho, linalojulikana sana Marekani, halina jina hilo Tanzania, kwa kuwa Jamhuri ya Muungano si shirikisho la majimbo. Lililo karibu nalo zaidi ni kosa la kifungu cha 122 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yaani kutoa taarifa ya uongo kwa mtumishi wa umma. Lisichanganywe na ushahidi wa uongo, ambao hutolewa katika shauri mahakamani, ilhali taarifa hii hutosha kutolewa kituoni au hata njiani.

Ugumu wa istilahi umo katika neno "uongo". Katika usemi wa pwani neno hilo humwangukia hata aliyekosea bila kujua. Tuseme mvuvi wa Mikindani ameona mashua usiku ikielekea mlango wa Mto Ruvuma, akamwambia askari kwamba ni ya fulani, kumbe sivyo: majirani watasema amesema uongo, lakini kisheria amekosea tu. Kifungu kinataka mtoa taarifa awe anajua au anaamini kuwa anachosema si kweli, tena akusudie, au ajue kuwa yaelekea, mtumishi huyo atatenda asichopaswa kutenda au atatumia madaraka yake kumdhuru au kumsumbua mtu mwingine. Mvuvi yuleyule akimtaja hasimu wake kuwa msafirisha magendo, huku akijua si kweli, ili chombo chake kipekuliwe, hapo ameingia ndani ya kosa.

Sharti hilo la madhara linafanana mno na kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, nalo ndilo linaloitenga sheria ya Tanzania na ya Marekani, ambako uongo wa makusudi wenye uzito katika jambo linalochunguzwa huweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miaka 5, na ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1998, katika shauri la Brogan, kwamba hata "hapana" tupu ya mtuhumiwa anayekana kosa lake haisameheki. Sheria ya Tanzania, kwa kumlinda kwanza anayesingiziwa, inastahili kupongezwa.

Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, tafsiri si pambo tena. Wafasiri waandike "taarifa ya uongo wa kujua", ili mvuvi aliyekosea asisomewe shtaka la mwongo.