Divai Nyeupe na Mbeta ya Ulanzi

Kila ninaposafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya majira ya mvua, nikawaona vijana kando ya lami na madumu yao ya ulanzi, huikumbuka chupa ya divai nyeupe iliyofungiwa katika kabati la sakristia ya parokia yetu, huko Uheheni. Miaka michache kabla ya Uhuru nilikuwa mtumishi wa altare. Kazi yangu ilikuwa kubeba vichupa viwili, kimoja cha maji na kimoja cha divai. Kilatini tulichoitikia hatukukielewa, lakini harufu ya kile kichupa cha pili tuliielewa vizuri sana.

Paroko wetu alikuwa mzee wa Kiitalia, mzaliwa wa vilima vya Asti, katika Piemonte, kaskazini mwa Italia. Msomaji asishangae kwamba mtu wa huko alifika kwetu. Misheni ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani katika miaka ileile ya vita vya Mkwawa. Wajerumani waliposhindwa Vita Kuu ya Kwanza waliondolewa, na mwaka 1919 mahali pao pakachukuliwa na Wamisionari wa Konsolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901. Mwanzilishi wake, Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024, alizaliwa Castelnuovo d'Asti, katikati ya mizabibu. Kwa hiyo mababu zetu walibatizwa na watu waliokulia katika nchi ya divai.

Baba yangu naye alikuwa mgema. Siku moja nilimwuliza paroko kwa nini ulanzi wa baba hauwekwi kwenye kalisi, maana nao ni mweupe. Alicheka sana, kisha akanieleza kwa makini. Sheria ya Kanisa, iliyoandikwa mwaka 1917 na kurudiwa katika ile ya mwaka 1983, yataka divai ya asili itokanayo na mzabibu, isiyoharibika. Rangi si hoja. Nyeupe hupendwa na mapadre kwa sababu haiachi madoa kwenye vitambaa vya altare. Ndipo akanisimulia kwao: zabibu za Moscato, na jinsi divai yake ilivyo tamu, yenye povu kidogo, hata vijana huonjeshwa sikukuu.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma zaidi habari za divai hiyo, nikagundua jambo ambalo mzee yule hakunieleza. Moscato ya Asti ina kilevi kama asilimia tano tu, nao ulanzi ukichachuka hufika karibu na hapo. Tofauti iko kwenye baridi. Watengenezaji huipoza ile juisi kabla chachu haijamaliza sukari, chachu ikalala, utamu ukabaki. Ulanzi hauna wa kuupoza. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, likaparuliwa asubuhi na jioni, utomvu ukadondoka ndani ya mbeta, nao huanza kuchachuka humohumo. Asubuhi ni mtogwa, kinywaji cha watoto na wagonjwa. Kesho yake ni mkangafu, na mkangafu haumjui mtoto.

Mizabibu haikutufaa sisi. Mwanzi hutoa utomvu wakati wa mvua, ilhali zabibu huozeshwa na mvua hiyohiyo. Ndiyo maana mzabibu ulipata makao Dodoma, kwenye ukame, ulikoanzishwa na wamisionari Bihawana mwaka 1957, na huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Divai nyeupe ya Dodoma nimeinywa mara nyingi. Siyo yote niliyoifurahia.

Mojawapo niliinywa Januari 1983, nikiwa mkuu wa shule mkoani Mbeya, mezani pamoja na wageni wa wilaya. Juma lilelile mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa Kilolo, alirudi kutoka likizo na mbeta ndani ya sanduku lake. Ilikuwa zawadi yangu kutoka kwa baba yake. Mafuta yalikuwa shida mwaka ule. Basi lilikwama Makambako siku mbili. Mbeta ilipofunguliwa mbele ya walimu, povu lilimwagika mezani na ofisi nzima ikanuka kilabu.

"Ulikuwa mtogwa, Mwalimu," alisema. "Ulikuwa mtogwa nilipoondoka."

Wenzangu hawakumwamini. Mimi nilimwamini, kwa kuwa ni mtoto wa mgema. Hata hivyo nilitia sahihi barua ya kumrudisha nyumbani, kwa sababu kanuni ilikataza pombe bwenini, na kwa sababu niliona haya kuonyesha kwamba ninaujua ulanzi kiasi hicho. Hakurudi shuleni tena.

Nilimtembelea miaka mingi baadaye, nilipokwisha staafu. Ana shamba kubwa la mianzi na wajukuu wawili.

"Kamwene, Mwalimu," alisema, akainama kidogo kama zamani, akanikabidhi mbeta. "Huu ni wa asubuhi hii."

Nilikunywa. Ulikuwa mtamu. Maneno niliyoyaandaa njia nzima yalinikwama, naye hakuniuliza nimefuata nini. Jua lilipoanza kushuka alinijazia dumu la lita tano la safari. Nikamwomba asiukaze mfuniko.