"Bwana, Turudi"

Agosti 1820, Daktari Joseph Hamel, mwanasayansi kutoka Urusi, alikuwa akiupanda mlima Mont Blanc. Waongozaji walisita, maana hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mgeni akashikilia waendelee. Theluji ikaporomoka na kuwafukia watatu kati yao. Mwaka 1821 wenzao wa Chamonix wakaunda chama chao, chenye akiba ya kuwasaidia waliopatwa na ajali.

Siku hizi anayesomea kuwaongoza wanaoteleza kwa skii milimani huchimba shimo kukagua matabaka ya theluji, na hujizoeza kumtafuta aliyefukiwa kwa chombo cha redio. Hayo hufundishika. Kumwambia mteja aliyekwisha kulipa, "Bwana, turudi," nadhani ndiko kugumu zaidi.

Mabaki ya wale watatu yalianza kuonekana mwaka 1861, mto wa barafu ulipoyafikisha bondeni.