Majengo ya Shule za Kale: Tubomoe au Tukarabati?

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, tumezoea kusikia neno moja kila darasa linapozeeka: "Tubomoe." Sababu yake si ngumu kuijua. Jengo jipya huletewa wageni na kibao cha ufunguzi. Ukarabati hauna sherehe. Hata hivyo, kabla ya kushika sululu, yafaa tuiulize historia.

Mfano wa kwanza uko pwani. Mwaka 1896 tajiri Sewa Haji Paroo alitoa jengo la ghorofa huko Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wapokewe. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza nao vivyo hivyo, na jengo likabaki shule, ndiyo Shule ya Msingi Mwambao. Majengo ya kale ya pwani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Fundi akizipiga lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani na ukuta huoza polepole. Kwa hiyo ukarabati huanza kwa kuujua ukuta, si kwa kununua saruji.

Mfano wa pili ni Makerere, nao watugusa zaidi sisi watu wa Kiswahili. Chuo kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na Jengo Kuu lenye mnara likakamilika mwaka 1941. Katika kilima hichohicho, tangu mwaka 1952 hadi 1962, ndipo yalipokuwa makao ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyohamia Mombasa na baadaye Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Usiku wa kuamkia Septemba 20, 2020, moto uliliteketeza Jengo Kuu. Lilijengwa upya kwa sura ileile ya awali, likafunguliwa mwaka 2024. Taifa lingeweza kusimamisha jengo la mtindo mwingine kabisa, likachagua kumbukumbu. Lakini gharama ya kurudisha kilichoungua daima huzidi gharama ya kukilinda.

Huku kwetu yuko adui mwingine, nayo ni ardhi yenyewe. Tetemeko la Machi 20, 1966 liliua watu zaidi ya 100 katika nchi ya Toro, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Kasese yetu. Na Februari 5, 1994 ardhi ikatikisika tena karibu na Fort Portal. Ukuta wa tofali uliounganishwa kwa udongo hauwezi kuvumilia mtikisiko kama haukufungwa kwa mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hivyo hatusemi kila kilicho cha kale kihifadhiwe. Msingi ukiwa umeshuka na kuta zimeachana pembeni, uhai wa watoto hutangulia historia. Lakini paa linalovuja, mbao zilizoliwa na mchwa, au nyufa za lipu tu, si sababu ya kubomoa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumewahi kuujenga ukuta mara nyingi kwa kuchelewa kuusafisha mfereji mmoja.

Ndugu walimu, kazi hii si ya mafundi peke yao. Fundi akifika shuleni, wanafunzi na wamsikilize: boriti, kenchi, lenta, chokaa, lipu. Ni msamiati ambao hawaupati katika vitabu vya sarufi. Kisha wawaendee wazee, waulize ni nani aliyebeba mawe ya msingi na ni nani aliyesoma humo kwanza, waandike majibu kwa Kiswahili. Hata ikilazimu jengo libomolewe, habari zake zitakuwa zimekwisha kupata paa.