Aliyewinda na aliyebeba: safari ya uwindaji inavyopita Kariakoo

Mei 7, 1896, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyohusu koloni zima la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, lililotawaliwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2026 amri hiyo inatimiza miaka 130, na mwaka unaofuata Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe, itatimiza miaka 100. Kumbukumbu hizi mbili nazitaja pamoja kwa sababu biashara ya kumpeleka mgeni porini akaue mnyama, huku amekwisha kuandaliwa kila kitu, ina mizizi kwenye amri ile. Watu walioibeba mabegani ndio hao ambao Kariakoo inaitwa kwa jina lao.

Mwanahistoria Mjerumani Bernhard Gissibl, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu ukoloni wa Kijerumani na wanyamapori, anaonyesha kwamba amri ya Wissmann haikuishia kwenye kulinda tembo. Ilipanga nani awinde na nani asiwinde. Anayetaka kuwinda wanyama wakubwa sharti awe na kibali cha kulipia. Maeneo mawili yakatengwa, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Lile la Rufiji lilikuja kukua mpaka likawa pori maarufu ambalo watu wa kusini wanaliita Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe.

Kabla ya hapo porini palikuwa na wenyewe. Wamakua walisifika kusini kote kwa kuwinda tembo, na Wanyamwezi walizoea kupeleka pembe mpaka Bagamoyo. Misafara ile ilikuwa na tajiri wake, mnyapara, wapishi na wapagazi, na kila mpagazi alichukua mzigo wa kilo thelathini hivi. Mzungu mwindaji alipofika aliukuta mfumo umekamilika, akaukodi ulivyo. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani Marekani, kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi ilimwandalia watu wapatao 250, na tani nne za chumvi za kuhifadhia ngozi. Hilo gazeti lolote la zamani litakueleza. Yaliyotokea nyuma ya Dar es Salaam yenyewe, huko Uzaramo, hayasimuliwi sana.

Habari hizo zimo katika makala ya mwaka 1997 ya Thaddeus Sunseri, mwanahistoria aliyechimba nyaraka za Wajerumani kuhusu vijiji vya Wazaramo kabla ya Vita vya Maji Maji. Anayemsumbua mkulima katika makala hiyo ni nguruwe pori, wala si tembo wala simba. Zamani wanaume wa kijiji walitoka kwa pamoja na nyavu na mbwa, wakazingira kichaka na kuwamaliza nguruwe kabla muhogo na mtama havijaliwa. Nyama iligawanywa, shamba likapona. Amri za uwindaji zikaubana uwindaji wa nyavu, baruti ikadhibitiwa, na kodi ikawafukuza wanaume vijijini kwenda kutafuta fedha kwenye mashamba makubwa na kazi za serikali. Waliobaki kulinda mashamba usiku walikuwa wanawake na watoto, wakipiga madebe.

Sunseri anaona njaa iliyofuata kuwa miongoni mwa sababu zilizowaingiza Wazaramo katika vita ya mwaka 1905. Mimi naungana naye. Shuleni tulifundishwa pamba, kodi na maji ya mganga Kinjikitile, na yote hayo ni kweli. Lakini mama anayeamka alfajiri akakuta tuta zima la muhogo limefukuliwa, huku wavu wa mumewe umekuwa kosa la jinai na bunduki ya mgeni mwenye kibali ni halali, hahitaji mganga wa kumweleza kwamba utawala huu umemgeukia. Sura hiyo ingestahili kusomwa na kila mtoto wa Kisarawe, Mkuranga na Temeke.

Mwaka ule ule wa 1909 aliokuja Roosevelt, Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu hapa mjini. Alisimama juu na kofia ya jua kichwani. Chini yake askari Mwafrika aliinua uso kumtazama, na bendera ya Ujerumani ikafunika simba aliyekufa. Mtu aliyeandika sheria ya nani awinde aliwekewa simba miguuni, katikati ya mji wetu. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliing'oa, wakaichukua kama ngawira ya vita. Baadaye Wajerumani wakarudishiwa, nao wakaisimamisha mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo hicho waliivuta kwa kamba ikaanguka mwaka 1967. Ikainuliwa tena, na mwaka 1968 wakaiangusha mara ya pili, safari hii ikapelekwa stoo. Ugomvi huo waliupigana vijana wa Ujerumani, na sisi ambao sanamu ilituhusu zaidi hatukuusikia.

Waingereza nao walisimamisha yao mwaka 1927, na ndiyo tunayopita kila siku na daladala. Maandishi yake yanawataja pia wachukuzi, yakisema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyewekwa juu ni mwenye bunduki.

Wachukuzi wenyewe walikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Wajerumani walikuwa wamejenga soko huko, katika mtaa waliowatengea Waafrika, na vita ilipopamba moto Waingereza wakapageuza kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakapaita Kariakoo. Upande wa Waingereza peke yake ulitumia takribani wapagazi milioni moja katika vita hiyo, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwindaji maarufu Frederick Selous aliuawa Beho Beho Januari 4, 1917, akiwa na miaka 65. Miaka mitano baadaye pori lile la Rufiji likapewa jina lake. Mpagazi aliyekufa katika vita hiyo hiyo hana hata kijiti.

Baada ya vita magari yalichukua nafasi ya mabega, lakini mpangilio ulibaki. Mwandishi Ernest Hemingway alipokuja Tanganyika kuwinda tandala, mwaka 1933 kuingia 1934, baadhi ya wafuatiliaji nyayo wake waliingia kitabuni mwake kwa majina ya utani ya Kiingereza. Mmoja aliitwa Droopy, kwa ajili ya kope zake zilizolegea. Dunia inamjua hivyo hadi leo.

Septemba 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la umma la TAWICO. Uwindaji ulipofunguliwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Kenya kuufunga wa kwake moja kwa moja, shirika hilo ndilo lililoushika. Mwaka 1988 kampuni binafsi zikarudi kwenye vitalu. Siku hizi vitalu hunadiwa kwa mtandao chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, wateja wengi ni Wamarekani, na anayetaka simba hukata safari ya siku 21 akiwa na mwindaji bingwa, askari wanyamapori, dereva, mpishi, wafuatiliaji nyayo na wachuna ngozi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na humo kuwinda kukakoma.

Kariakoo yenyewe ilipata jengo lake la kifahari mwaka 1975, kazi ya mikono ya msanifu wetu Beda Amuli. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Anayetaka turubai, kamba au sufuria la kupikia watu thelathini bado anakwenda huko, na vijana bado wanabeba mizigo kichwani kutoka Mtaa wa Kongo mpaka Msimbazi. Ni aibu kwamba fedha nyingi zimetumika sokoni pasipatikane za kibao kimoja cha kuwaeleza vijana hao mtaa wanaofanyia kazi umepewa jina na akina nani. Jiji lina muda wa kukiweka kabla ya mwaka 2027.

Tukirudi porini, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori, hivyo mwananchi anaweza kula swala bila kuogopa polisi. Mkulima wa Rufiji aliyeharibiwa shamba na wanyama bado anajaza fomu, anasubiri afisa aje apime ekari, kisha anasubiri malipo ambayo serikali inayaita kifuta jasho.