Sikio la Fundi, Njia ya Rusumo

Sisi Washubi wa Rulenge, wilayani Ngara, ufundi wa magari tuliupata kwa masikio. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya ujenzi. Yakafuata malori ya chakula, mengine makuukuu, yakipanda vilima vya Ngara na mizigo. Gereji za chini ya mti zikapata kazi.

Fundi aliyenifundisha hakuwa na mashine ya kupimia. Aligusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni. Mlio mwepesi wa juu ni tapeti zimelegea. Akishuku nozeli, alilegeza nati ya bomba la dizeli, silinda moja baada ya nyingine. Mlio wa kugonga ukipungua, mgonjwa kapatikana. Lakini kishindo kizito cha chini, kinachozidi mlimani, ni beringi za konrodi. "Zima!" alifoka, dereva akinuna, maana safari ya Lusahunga bado ndefu. Na mara nyingine, baada ya yote hayo, ni bati la ekzosi tu.