Gia ya Nne na Namba Tunayolipia

Gari likipandishwa kwenye rola za dainamomita ili lipimwe nguvu, hufungwa kwa mikanda, kisha fundi hupanda gia moja moja mpaka ya nne. Hapo ndipo hukanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa nini ya nne, wakati sote tunajua kwamba mlimani gari huvuta zaidi kwa gia ya pili? Ninasoma uzamili wa historia ya teknolojia, na swali hilo limenipeleka Ufaransa mara mbili.

Mara ya kwanza ni mwaka 1821. Mhandisi Gaspard de Prony alibana shafti ya mashine kwa vipande vya mbao vyenye mkono mrefu, akaning'iniza uzito kwenye ncha ya mkono huo. Uzito ule, urefu wa mkono na kasi ya shafti vilimpa nguvu ya mashine. Lakini Prony aliigusa shafti yenyewe. Gari likiwa kwenye rola halitupi nafasi hiyo: kati ya injini na rola kuna giaboksi, difu, ekseli na matairi, na kila kimoja hutoza ushuru wake.

Mara ya pili ni mwaka 1898, huko Billancourt, jirani na Paris. Louis Renault, kijana wa miaka 21, aliunda kigari ambacho katika gia ya juu shafti ya kuingiza nguvu iliungana moja kwa moja na ya kuitoa. Nguvu haikulazimika tena kupita kwenye meno ya gia mbili au zaidi. Mkesha wa Krismasi alikipandisha Rue Lepic, mtaa wenye mwinuko mkali Montmartre, na wateja wakaanza kuagiza.

Fundi wa leo anatafuta njia hiyo ya Renault: gia ya moja kwa moja, ambapo giaboksi hula nguvu kidogo zaidi. Katika giaboksi nyingi za gia tano za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hiyo ni ya nne. Lakini si sheria. Mazda MX-5 ya 1989 yenye gia tano ina ya nne. Ile ya 2015 yenye gia sita ina ya sita. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana kabisa gia ya namna hiyo, hivyo huchaguliwa iliyo karibu zaidi na uwiano wa moja kwa moja.

Gia ndogo hufanya matairi yateleze, na injini hupanda mizunguko haraka mno hivi kwamba sehemu ya nguvu huishia kuzungusha vyuma vyake yenyewe. Gia kubwa mno huchemsha matairi. Tena magari mengi tunayoagiza yakiwa yametumika Japani yamewekewa kikomo cha kilomita 180 kwa saa; yanaweza kukatwa kabla injini haijamaliza mizunguko yake. Hapo itabidi kushuka gia, na karatasi iseme hivyo.

Namba hubadilika kulingana na namna ya kupima. Cadillac Eldorado ya 1971 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 365. Ya 1972, yenye injini ileile ya lita 8.2, ikatangazwa 235. Kilichobadilika hasa ni kipimo: zamani injini ilipimwa ikiwa imevuliwa vifaa vyake, sasa ikapimwa ikiwa navyo.

Wateja wa kisasa hulipia karatasi mbili, ya kabla na ya baada ya matengenezo. Ya kwanza ikipimwa kwa gia ya tatu na ya pili kwa gia ya nne, namba inaweza kupanda bila spana kugusa injini. Kwa hiyo kabla hujashangilia nguvu zilizoongezeka, uliza zilipimwa kwa gia gani.