Filbert Bayi na John Walker: Nani aliacha alama kubwa zaidi?

Ubishi wa "nani zaidi" haukosi barazani. Kuanzia Jaws Corner hadi Darajani, vijana wanaweza kumaliza birika zima la kahawa wakibishania Messi na Ronaldo. Wale wa mieleka nao wana wao: The Rock na Stone Cold, hakuna anayekubali kushindwa.

Lakini upo ubishi mmoja ambao Tanzania yenyewe ndiyo mwenye mali, na vijana wengi wa leo hawaujui vizuri. Ni wa Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, na John Walker wa New Zealand.

Hawa ni wakimbiaji wawili waliotikisa dunia katikati ya miaka ya 1970. Walipokonyana rekodi, wakatajwa pamoja kila gazeti la michezo lilipofunguliwa, na watu wakahesabu siku hadi Olimpiki ya 1976 ili wamalize ubishi. Siku ilipofika, mmoja alichukua dhahabu. Mwingine hata hakukanyaga uwanja.

Kwa nini? Jibu halipo kwenye riadha. Lipo kwenye raga.

WALIKUWA NANI?

Bayi alizaliwa Juni 22, 1953, Karatu, upande wa Arusha. Baadaye alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na huko ndiko kipaji chake kilikokomaa. Dunia ilianza kumtazama vizuri mwaka 1973, aliposhinda mita 1,500 kwenye Michezo ya Afrika jijini Lagos. Aliyemshinda siku ile hakuwa mtu mdogo: alikuwa Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa 1968.

Walker alizaliwa Januari 12, 1952, Papakura, karibu na Auckland. Alikuwa mrefu, mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu na jezi nyeusi ya nchi yake. Ukimwona mara moja tu uwanjani, humsahau.

Tofauti yao kubwa ilikuwa kwenye mtindo. Wakimbiaji wengi wa mita 1,500, Walker akiwemo, walipenda kukaa ndani ya kundi, kuhifadhi nguvu, kisha kuchomoka mwishoni. Bayi hakuwa na subira hiyo. Bastola ikilia tu, yeye yuko mbele. Anafungua pengo, halafu anawaambia wenzake kwa miguu: anayeweza, anifuate.

Wataalamu wengi waliona ni kujimaliza. Kukimbia mbele peke yako maana yake unapasua upepo wewe, unapanga kasi wewe, na kila aliye nyuma anakutumia kama alama. Bayi alikuja kuwajibu kwa saa.

CHRISTCHURCH, FEBRUARI 2, 1974

Hii ndiyo siku yenyewe. Fainali ya mita 1,500, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Christchurch, nyumbani kwa akina Walker. Bayi alikuwa na miaka 20, Walker 22. Ndani ya mbio hizo alikuwemo pia Ben Jipcho wa Kenya, ambaye kwenye michezo hiyohiyo alibeba dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya kuruka viunzi na maji.

Bayi akafanya kama kawaida yake. Alitoka mbele tangu mwanzo, na mita 800 za kwanza alizipita kwa takriban dakika 1:52, kasi ambayo mtu wa mita 1,500 alitegemewa kuijutia mbele ya safari. Uwanja mzima ulisubiri achoke.

Hakuchoka. Mzunguko wa mwisho Walker alifumua mbio, watazamaji wa nyumbani wakasimama, pengo likawa linapungua kila hatua. Bayi akageuka, akamwona, akaongeza. Akamaliza wa kwanza kwa dakika 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. Walker alikuwa wa pili kwa 3:32.52.

Sasa angalia hapa. Rekodi ya zamani ilikuwa 3:33.1 ya Mmarekani Jim Ryun, iliyodumu tangu 1967. Yaani Walker naye aliivunja rekodi ya dunia siku ile, na bado akashindwa. Jipcho, aliyekuwa wa tatu, alimaliza kwa 3:33.16. Ndiyo maana mpaka leo mbio zile huwekwa miongoni mwa mbio bora kabisa za mita 1,500 kuwahi kukimbiwa.

VITA VYA MAILI MOJA

Kwa asiyejua, maili moja ni mita 1,609. Kwenye uwanja wa riadha wa mita 400, hiyo ni mizunguko minne na mita tisa hivi juu yake. Haimo kwenye Olimpiki, ila kwa heshima ina uzito wake wa pekee.

Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alikimbia maili kwa dakika 3:51.0 na kumpokonya Ryun rekodi nyingine, safari hii kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Hapo Mtanzania akawa anashikilia rekodi mbili za dunia kwa wakati mmoja.

Haikuchukua hata miezi mitatu. Agosti 12, 1975, mjini Göteborg, Sweden, Walker alimaliza maili kwa 3:49.4. Akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 3:50.

Mizani ikakaa sawa: Bayi ana mita 1,500, Walker ana maili. Kilichobaki ni Montreal.

RAGA ILIVYOINGIA KATI

Hapa ndipo hadithi inapogeuka, na ili uielewe lazima urudi nyuma kidogo.

Miaka ile Afrika Kusini ilikuwa chini ya makaburu na sera yao ya ubaguzi wa rangi. Nchi huru za Afrika zilitaka itengwe kila mahali, michezoni pia. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. New Zealand nayo ilikuwa na mapenzi makubwa na raga, na mpinzani wake mkuu kwenye raga alikuwa nani? Afrika Kusini.

Mwaka 1973 timu ya raga ya Afrika Kusini ilipangiwa kuzuru New Zealand. Kukawa na tishio kwamba Waafrika wangesusia Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch. Waziri Mkuu Norman Kirk akaizuia ziara ile. Michezo ikanusurika, Bayi akaenda, na rekodi ikapatikana. Ziara ile ingefanyika, huenda Christchurch isingemwona Bayi.

Kirk alifariki Agosti 1974. Mwishoni mwa 1975 akaingia madarakani Robert Muldoon, ambaye msimamo wake ulikuwa kwamba serikali haiwapangii wachezaji nani wa kucheza naye. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ikaenda Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa ni wiki chache tu baada ya wanafunzi kupigwa risasi Soweto, Juni 16.

Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Matokeo yake zaidi ya nchi 25, nyingi za Afrika, zikasusia. Tanzania ilikuwa miongoni mwao.

Kwa kifupi, uamuzi mmoja wa raga uliwakutanisha Bayi na Walker, na uamuzi mwingine wa raga ukawatenganisha.

Wapo wanaokumbusha kwamba Bayi aliugua malaria karibu na michezo ile, kwa hiyo pengine asingekuwa kwenye ubora wake. Inawezekana. Lakini kuugua na kuzuiwa ni vitu viwili tofauti. Mgonjwa anaweza kusema nitajaribu. Aliyesusiwa na nchi yake hana cha kujaribu.

DHAHABU BILA MPINZANI

Julai 31, 1976, Walker alishinda mita 1,500 Montreal kwa dakika 3:39.17. Linganisha na 3:32.52 aliyoshindwa nayo Christchurch: polepole kwa zaidi ya sekunde sita. Hakukuwa na mtu wa kwenda mbele na kuvuta kasi, kwa hiyo mbio zikawa za kuviziana hadi mzunguko wa mwisho, na kwa mchezo huo Walker alikuwa fundi.

Ni haki yake. Alishinda waliokuwepo, na dhahabu haina alama ya kuuliza pembeni. Wala si yeye aliyeipeleka timu ya raga Afrika Kusini.

Miaka minne baadaye zamu ikageuka. Olimpiki ya Moscow 1980 ilisusiwa na Marekani na washirika wake kwa sababu ya Umoja wa Kisovieti kuivamia Afghanistan. New Zealand ilipeleka wanamichezo wanne tu, na Walker hakuwemo. Tanzania ilikwenda.

Bayi safari hii alishindana mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akakimbia Kibayi: mbele tangu mapema, pengo kubwa nyuma yake. Mwishoni Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Bayi akachukua fedha kwa dakika 8:12.5. Kwenye michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000.

Medali hizo mbili za fedha ndizo pekee ambazo Tanzania, Bara na Visiwani kwa pamoja, imewahi kupata kwenye Olimpiki.

KWA NAMBA

Bayi: rekodi ya dunia ya mita 1,500 (1974) na ya maili (1975). Dhahabu ya Jumuiya ya Madola 1974, fedha 1978. Dhahabu ya Michezo ya Afrika 1973 na 1978. Fedha ya Olimpiki 1980.

Walker: rekodi ya dunia ya maili (1975) na ya mita 2,000 (1976). Dhahabu ya Olimpiki 1976. Fedha ya Jumuiya ya Madola mita 1,500 mwaka 1974 na 1982. Mtu wa kwanza duniani kukimbia maili chini ya dakika nne mara 100, kiwango alichokifikia 1985.

Na kuna jambo la kuchekesha: rekodi zao kubwa zilipokonywa na mtu mmoja, kiangazi kimoja. Mwaka 1979 Mwingereza Sebastian Coe alichukua maili ya Walker mwezi Julai, na mita 1,500 ya Bayi mwezi Agosti.

BAADA YA KUVUA VIATU

Walker aliendelea kukimbia hadi kuelekea miaka 40. Mwaka 1996 alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, unaoathiri mishipa ya fahamu na kumfanya mtu atetemeke na kupungukiwa uwezo wa kujiongoza mwili. Hata hivyo alichaguliwa kuwa diwani, na mwaka 2009 akapewa heshima ya kuitwa Sir.

Bayi alirudi kwenye kujenga. Kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na pamoja na mkewe alianzisha shule zenye jina lake, Kimara jijini Dar es Salaam na Mkuza, Kibaha. Wapo watoto wanaolijua jina la Filbert Bayi kama jina la shule kabla ya kujua kwamba ni la mtu aliyewahi kuwa na kasi kuliko wote duniani.

SASA, NANI ZAIDI?

Ukipima kwa medali, Walker. Dhahabu ya Olimpiki ni dhahabu ya Olimpiki. Ukipima kwa kudumu pia, Walker: maili 100 chini ya dakika nne si mchezo.

Ukipima kwa mbio moja, Bayi, na hapa hakuna ubishi. Muda wake wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham mwaka 2022. Vizazi vya Wakenya na Waingereza vilipita hapo, viatu vikabadilika, viwanja vikabadilika, rekodi ikabaki palepale.

Lakini kipo kipimo cha tatu ambacho hakimo kwenye jedwali lolote. Mwaka 1977, baada ya yale ya Montreal, nchi za Jumuiya ya Madola zilisaini Makubaliano ya Gleneagles, zikiahidi kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini ya makaburu. Mgomo wa 1976 ulikuwa sehemu kubwa ya shinikizo hilo. Uliwagharimu wanamichezo ambao hawakuulizwa, na waliolipa zaidi ni wale waliokuwa karibu kabisa na dhahabu.

Kwa hiyo anayesema Walker ana dhahabu na Bayi hana, amesema kweli. Aongeze tu kwamba ile ya Bayi haikupotea uwanjani. Nchi iliitumia kulipia kitu kingine, na mwenyewe akarudi mazoezini.